Kabla ya kununua grafini: elektrodi ya magunzi inapoteza wapi nguvu?

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Niko Uyole, Mbeya, natengeneza supakapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme) kwa mkaa wa magunzi ya mahindi. Nilichoma magunzi kwenye pipa, nikayasaga kwenye mashine ya unga, nikachanganya na KOH (hidroksidi ya potasiamu, alkali kali) uzito kwa uzito, nikapasha nyuzi 500 kwa saa moja kwenye tanuri la umeme lisilo na nitrojeni. Nimebandika kwa gundi nyeupe ya mbao kwenye wavu wa stenlesi wa sentimita 2 kwa 2, mkaa miligramu 40 kila upande. Elektroliti, kimiminika kinachopitisha umeme kati ya pande mbili, ni KOH ya mola 6. Nachaji kwa miliampea 20 hadi volti 1. Nikianza kutoa kwa miliampea 20 hizohizo, volti inaanguka papo hapo hadi 0.58, halafu inamalizika kwa sekunde 72. Napata faradi (kipimo cha uwezo wa kubeba chaji) 31 kwa gramu. Nikiiacha usiku mmoja, asubuhi chaji haipo. Kwenye makala za watafiti naona faradi 200 na zaidi. Je, ninunue grafini, ile kaboni ya karatasi nyembamba mno?"

Marahaba. Usinunue. Fedha hiyo itafanya kazi kubwa zaidi mahali pengine, na namba ulizotuma zinaonyesha ni wapi.

Tuanze na hiyo 31. Miliampea 20 kwa sekunde 72, gawanya kwa volti 0.58, unapata faradi 2.48 za seli nzima. Gawanya kwa gramu 0.08 za mkaa wa pande zote mbili, inatoka 31. Hesabu ni sahihi, na umefanya vizuri kuanza kuhesabu baada ya volti kuanguka, maana wengi hugawanya kwa volti 1 nzima. Lakini watafiti wanaoandika 200 wanazungumzia elektrodi moja. Seli yako ni kapasita mbili zilizofuatana, na kapasita mbili sawa zikifuatana uwezo wake hupungua nusu. Kwa hiyo kila elektrodi ina karibu faradi 4.96 juu ya gramu 0.04, yaani faradi 124 kwa gramu. Kanuni fupi: ukigawanya kwa uzito wa pande zote mbili, zidisha kwa 4 kabla ya kujilinganisha na makala. Mkaa mzuri wa mimea kwenye elektroliti ya maji hukaa kati ya 100 na 300, kwa hiyo wako tayari umo ndani.

Tatizo lako ni zile volti 0.42 zilizopotea mwanzoni. Mkondo ulitoka kuchaji miliampea 20 ukageuka kutoa miliampea 20, kwa hiyo badiliko lote ni miliampea 40. Gawanya 0.42 kwa 0.04: ukinzani wa ndani ni ohmu 10.5. Kwa elektrodi ya sentimita 4 za mraba huo ni mkubwa mno. Lenga ohmu 1 au chini yake.

Angalia unachopoteza. Nishati ni nusu ya faradi zidisha volti, kisha zidisha tena kwa volti ileile. Kwa volti 1 seli ingekuwa na jouli 1.24. Kwa volti 0.58 unabaki na jouli 0.42, theluthi moja tu. Nguvu ya juu kabisa, yaani volti zidisha volti, gawanya kwa mara nne ya ukinzani, ni miliwati 24 kwako. Ukinzani ukishuka hadi ohmu 1 inakuwa miliwati 250, kwa mkaa uleule.

Grafini ina eneo la nadharia la uso wa kubebea chaji la mita za mraba 2,630 kwa gramu, na hilo ndilo linalovutia watu. Ila karatasi zake zikikauka hushikana na kurundikana, eneo linapungua, na poda yenyewe ni nyepesi mno hivi kwamba kiboksi cha seli kinajaa kabla gramu hazijatosha. Supakapasita nyingi zinazouzwa madukani hadi leo zimejaa mkaa amilifu, yaani mkaa uliofunguliwa vitundu vingi vidogo, sehemu kubwa ukiwa wa vifuu vya nazi. Ukiweka grafini juu ya wavu wako kwa gundi yako, ohmu 10 zitabaki kuwa ohmu 10.

Tafuta kwanza ukinzani unatoka wapi

Kuna vipimo vitatu vya haraka. Cha kwanza: ongeza mbano wa seli kwa klempu ukiwa unarudia kupima. Kama anguko linapungua kila unapokaza, mgusano wa mkaa na wavu ni mbaya. Cha pili: loweka elektrodi zilezile usiku kucha kwenye elektroliti, kisha pima tena. Likipungua, vitundu vya ndani ya mkaa vilikuwa na hewa. Cha tatu ndicho ninachotarajia kikukamate: chukua mkaa mkavu usio na gundi, ujaze kwenye kipande cha bomba la plastiki, ubane kati ya boliti mbili na upime kwa maltimita. Mkaa uliopikwa vizuri husoma ohmu chache. Wako wa nyuzi 500 utasoma maelfu au zaidi.

Sababu iko kwenye muundo wa mkaa. Chini ya nyuzi 600 vipande vya kaboni bado vimetenganishwa na oksijeni na hidrojeni, umeme hauna njia. Kati ya 600 na 800 vipande hivyo hukua na kuungana, na upitishaji wa umeme hupanda ghafla. Kwa hiyo joto la 500 limekunyima vitu viwili kwa pamoja: njia ya umeme na vitundu. KOH huanza kula kaboni karibu na nyuzi 400, lakini kazi yake kubwa huja baada ya 700, pale kabonati iliyotokea inapovunjika na mvuke wa potasiamu kupenya katikati ya tabaka na kuzipanua. Na kwa kuwa hukuwa na nitrojeni, sehemu ya mkaa wako ilikuwa inaungua na kuwa majivu.

Kuamilisha upya bila silinda ya nitrojeni

Kwa mazingira yako nashauri uache KOH na utumie kabonati ya potasiamu, K2CO3. Haichomi ngozi kama KOH, na eneo inalotoa linatosha kabisa.

Choma magunzi kwanza kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko, nyuzi 450 hadi 500, saa moja. Usisage kwenye mashine ya unga, sababu nitaeleza chini. Twanga kwenye kinu cha mawe au kauri, chekecha upate poda laini. Pima mkaa gramu 10. Yeyusha K2CO3 gramu 20 kwenye maji mililita 30, mwaga humo, koroga saa mbili, kausha kwa nyuzi 110 hadi uwe mkavu kabisa.

Weka mchanganyiko kwenye kikombe cha nikeli. Ukikikosa, stenlesi nene inafaa, ila italika polepole na kuacha chuma ambacho utakiosha baadaye. Usitumie chungu cha udongo, alkali ya moto inakiyeyusha na kukuachia silika ndani ya mkaa. Funika kikombe, kizike ndani ya sufuria kubwa ya chuma iliyojaa unga wa mkaa wa kawaida, funika sufuria. Mkaa wa nje ndio utakaokula oksijeni badala ya ule wa ndani. Panda nyuzi 5 kwa dakika hadi 800, kaa hapo saa moja, zima, acha ipoe yenyewe bila kufunua. Tanuri liwe mahali penye hewa ya kutosha, madirisha wazi, wewe nje ya chumba: kazi hii inatoa kaboni monoksidi, nayo inaua bila harufu.

Ukifunua wakati bado ni moto, mkaa wote utashika moto mbele ya macho yako. Subiri sufuria ishikike kwa mkono mtupu. Hata hapo, huenda kuna chembe za potasiamu ya metali zisizoonekana. Vaa miwani, dondosha kwanza spiriti matone machache, mbali na moto wowote. Kama inachemka, ngoja itulie. Maji yafuate baadaye, kidogo kidogo. Usishangae ukibaki na gramu 5 au 6 kati ya zile 10.

Kuosha kuna mpangilio wake. Anza na maji ya moto matupu, mara nne au tano, hadi karatasi ya pH isome karibu 8. Usiruke hatua hii kwenda kwenye asidi. Alkali imeyeyusha silika ya magunzi, na silika hiyo ikikutana na asidi inaganda kuwa jeli na kuziba vitundu ulivyovifungua kwa saa nzima ya nyuzi 800. Ndiyo maana kazi ya pumba za mpunga za Mbarali au Kyela huwashinda wengi: pumba zina majivu karibu moja ya tano ya uzito, na karibu yote ni silika. Baada ya maji, tumia asidi ya hidrokloriki, HCl, ya mola 1 (mililita 83 za asidi ya asilimia 37 zikimiminwa kwenye maji, kisha ongeza maji hadi lita moja), nyuzi 70, saa mbili. Halafu maji yaliyotoneshwa hadi pH 6 au 7. Yale maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta yanafaa, lakini soma chupa vizuri usije ukanunua asidi ya betri. Kausha nyuzi 110 usiku kucha. Usitegemee sufuria ya maji yanayochemka kukaushia, kwa mwinuko wa Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi na unyevu wa ndani ya vitundu hautoki.

Usije ukaongeza K2CO3 hadi mara nne kwa tamaa ya eneo kubwa. Mwaka 2006 kundi la watafiti Chmiola, Gogotsi na Simon lilionyesha kwamba vitundu vidogo kuliko nanomita 1 vinaweza kubeba chaji nyingi zaidi kwa kila kipande cha eneo, kwa sababu ayoni (chembe yenye chaji ndani ya elektroliti) huvua maji au kimiminika kinachoizunguka na kuukaribia ukuta. Eneo peke yake halisemi kitu. Ukizidisha kemikali, kuta za vitundu zinaliwa, vitundu vinapanuka, poda inakuwa nyepesi, na faradi kwa kila sentimita ya ujazo zinashuka wakati wewe unafurahia mita za mraba.

Kuhusu malighafi, kaa na magunzi. Vumbi la mbao za misonobari kutoka Mufindi lina majivu machache zaidi, na mianzi ya Iringa pia ni nzuri, lakini kubadili malighafi kabla ya kurekebisha joto ni kuongeza mambo yasiyojulikana. Mkaa wa gunia wa sokoni usiuguse. Hujui ulipikwa kwa nyuzi ngapi, na una udongo.

Gundi na wavu

Gundi nyeupe ya mbao ni polivinili asetati. Ndani ya KOH inavunjwa na alkali, inavimba na kuachia mkaa. Kabla ya hapo imeshafunika midomo ya vitundu, na yenyewe haipitishi umeme. Badilisha utumie PTFE (plastiki ya teflon) iliyo ndani ya maji, ya asilimia 60. Kwa gramu 1 ya mchanganyiko: mkaa amilifu gramu 0.85, masizi ya asetilini (unga mweusi wa kaboni unaopitisha umeme) gramu 0.10, na PTFE kavu gramu 0.05, ambayo ni gramu 0.083 za ule ute. Masizi ya koroboi usiyatumie yalivyo, yana lami. Kama huna mengine, yapike kwanza nyuzi 800 ndani ya mkaa kama tulivyofanya juu.

Changanya vikavu, ongeza spiriti mililita 2 au 3, kisha PTFE, na ukande kama unga wa chapati. Mwanzoni inakatika na kuchafua vidole. Endelea kukunja na kukandamiza, ghafla inaanza kuvutika kama mpira, kwa sababu PTFE imejinyoosha kuwa nyuzi nyembamba zinazoshika chembe bila kuzifunika. Sukuma kwa chupa ya kioo hadi unene wa milimita 0.2 hivi. Unene huo hutoa karibu miligramu 10 kwa sentimita ya mraba, kiasi kinacholingana na bidhaa halisi. Makala nyingi hupima miligramu 1 au chini yake na ndipo namba zinapopendeza. Gogotsi na Simon waliandika kulikemea hilo mwaka 2011, na walikuwa na haki: filamu nyembamba haina uzito wa kulinganisha na wavu, kitenganishi (karatasi inayotenga elektrodi mbili) na elektroliti vinavyobebwa pamoja nayo.

Kata 2 kwa 2, bandika kwenye wavu wa stenlesi uliosuguliwa kwa msasa na kuoshwa kwa spiriti, gandamiza. Unahitaji karibu kilo 100 kwa kila sentimita ya mraba, yaani kilo 400 kwa kipande chako. Jeki ya gari ya tani 2 ndani ya fremu ya chuma inatosha. Ukizidisha, unafunga njia za elektroliti. Kausha tena nyuzi 110.

PTFE haipendi maji, kwa hiyo elektrodi mpya ikitumbukizwa tu huwa mvua nje na kavu ndani. Chukua bomba la sindano la mililita 20, weka elektrodi na elektroliti, ziba mdomo kwa kidole chenye glavu, vuta pistoni. Utaona vipovu vidogo vikitoka kwenye uso wa mkaa kama mstari. Achia, vuta tena, hadi vipovu viishe. Dakika tano za kazi hii zinaweza kushusha ukinzani kuliko siku nzima ya kuloweka.

Chaji inayopotea usiku

Hapa ndipo mashine ya unga inaponiingiza wasiwasi. Nyundo zake ni chuma, na magunzi yaliyochomwa yanazikwangua. Ayoni za chuma ndani ya seli hupokea elektroni upande mmoja, zinasafiri, zinaziachia upande wa pili, zinarudi, na chaji inaisha bila waya wowote kuunganishwa. Unapoosha kwa HCl utaona mwenyewe: ikigeuka njano, chuma kipo. Rudia kwa asidi mpya hadi ibaki bila rangi.

Lakini usihukumu kabla ya kipimo hiki. Chaji hadi volti 1, katisha mara moja, rekodi volti kwa saa sita. Kesho yake chaji hadi volti 1, shikilia volti hiyo kwa saa nzima, kisha katisha na urekodi vilevile. Kama mara ya pili inashuka polepole zaidi kwa tofauti kubwa, basi mara ya kwanza chaji haikuwa inapotea, ilikuwa inasambaa kutoka midomo ya vitundu kwenda ndani. Kama mishuko yote miwili inafanana, ni uchafu au kitenganishi kilichotoboka.

Volti ndiyo faida kubwa inayofuata

Ukishafika ohmu 1, badilisha elektroliti. KOH ni nzuri kwa upitishaji lakini inakufunga karibu na volti 1. Sulfati ya sodiamu, Na2SO4, isiyo asidi wala alkali, inaweza kufikisha mkaa hadi karibu 1.6. Kwa kuwa nishati inakwenda na volti zidisha volti ileile, kutoka 1.0 hadi 1.6 ni mara 2.56. Hakuna poda ya kununua itakayokupa hiyo kwa bei ya chumvi. Upitishaji wake ni mdogo kuliko wa KOH, ukinzani utapanda kidogo, ndiyo maana nimesema ohmu kwanza. Nenda kwa hatua: 1.2, kisha 1.4, kisha 1.6, kila mahali shikilia kwa muda wa saa kumi na uangalie kama wavu wa upande chanya unaanza kuwa na madoa ya kahawia. Ukiyaona, rudi hatua moja. Stenlesi ya 316 huvumilia zaidi ya 304.

Watu wa nyanda za juu wana jambo la ziada. Suluhisho la mola 1 lina gramu 142 za Na2SO4 isiyo na maji kwa lita. Kwenye nyuzi 20 zote zinayeyuka vizuri, lakini kwenye nyuzi 10 maji hubeba karibu gramu 90 tu. Usiku wa Juni au Julai, Uyole, Njombe au Mufindi, fuwele zitaota ndani ya kitenganishi na asubuhi utafikiri elektrodi imekufa. Tumia mola 0.5, yaani gramu 71 kwa lita, na upime ukinzani wakati uleule wa siku ili joto lisikudanganye.

Ukitaka faradi zaidi: manganizi

Nafasi ambayo ulitaka kuipa grafini naipa oksidi ya manganizi (MnO2), na dawa yake iko duka la dawa: pamanganeti. Chukua mkaa amilifu uliokwisha kuoshwa gramu 1, weka kwenye maji mililita 50 yenye pamanganeti gramu 0.3, pasha nyuzi 70 ukikoroga hadi rangi ya zambarau iishe. Kaboni yenyewe inaigeuza pamanganeti kuwa MnO2 na kuibandika juu ya kuta zake. Kiasi hicho kinatoa karibu gramu 0.165 za MnO2, asilimia 14 hivi ya uzito wa mwisho, kwa kupoteza mkaa kidogo sana. Osha, kausha nyuzi 80.

Usiongeze pamanganeti mara tatu ukitarajia mara tatu ya faradi. MnO2 hupitisha umeme vibaya na sehemu inayofanya kazi ni ngozi ya juu tu. Safu nene inaziba vitundu na kukurudisha kwenye ohmu 10.

Mkaa huu wenye MnO2 uwe upande chanya, mkaa mtupu upande hasi, elektroliti Na2SO4. Sawazisha chaji za pande mbili: kama chanya imepimwa 180 na hasi 120 faradi kwa gramu, na kila upande unatembea volti ileile, basi chanya iwe theluthi mbili ya uzito wa hasi, mfano miligramu 28 kwa 42. Weka alama nyekundu kwenye waya wa chanya kabla ya kufunga seli. Ukiigeuza nguzo hata mara moja, MnO2 inaanza kuyeyuka kuingia kwenye elektroliti, na hairudi.